Hesabu Pumzi za Mwanao

Kusi inapoingia na mvua za mwaka zikaanza kunyesha, ni nyumba chache zinazokosa mtoto mwenye mafua na kikohozi. Wengi wao hupoa wenyewe kwa siku chache. Lakini yumo miongoni mwao ambaye maradhi yamemshuka kifuani yakawa nimonia, yaani homa ya mapafu, na huyo hana siku za kungojea. Hakuna maradhi ya kuambukiza yanayoua watoto wadogo duniani kuliko haya.

Mama atawatambua vipi wawili hawa? Ahesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Amfunue kifua, atazame saa, na ahesabu kwa dakika moja kamili. Kwa asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Anayefikia idadi hiyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ama mtoto ambaye chini ya mbavu panabonyea kila avutapo pumzi, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea haamki, huyo haingojewi asubuhi. Na kitoto kichanga huenda kisikohoe kabisa, na mwili wake ukawa baridi badala ya moto.

Inasikitisha kuwa wapo hadi leo wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi kukatwa kimeo. Maradhi yako mapafuni, kisu kinakata kooni! Mtoto hutoka damu, kidonda huingia vijidudu, na wakati wa matibabu umeshampita. Wengine hukimbilia asali. Asali ni shifaa, lakini asiyetimiza mwaka mmoja asipewe, kwani yaweza kumdhuru.

Kisomo na dua havina ubaya. Mtume (S.A.W.) ametufunza dua, na yeye huyo ametuamrisha tujitibu. Basi mama na amsomee mwanawe wakiwa njiani kwenda hospitali.

Kinga nayo tunayo. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula. Na miaka miwili kamili ya kunyonyesha imetajwa katika Suratul Baqara. Chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwaka 2011, hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Asikose hata moja. Moshi wa kuni na wa sigara uwe mbali naye. Hata ubani na udi, pamoja na uzuri wake, usifukizwe katika chumba kilichofungwa alimolala mtoto wa arubaini.

Neno la mwisho ni kwenu, akina baba. Anayekwenda baharini, safarini au kazini usiku, aache nyumbani ruhusa na nauli kabla hajavuka kizingiti. Mtoto asikose pumzi huku mama yake amekaa na simu mkononi, akingoja aambiwe, "Mpeleke."

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na awaponye walio wagonjwa. Amin.