Twende Bondeni Tukawatazame Ndege

Mtu wa Ngara au wa Biharamulo akishuka bondeni huwa ana kazi huko. Huenda kuteka maji, kukata mafunjo ya mikeka, kufyatua matofali au kupalilia viazi. Kazi ikiisha hupanda mlima upesi, maana bondeni kuna mbu na tope. Leo twakuomba ushuke bila jembe wala ndoo. Jumapili baada ya ibada wachukue watoto, mkatembee polepole kando ya kinamasi na kuwatazama ndege. Bwana wetu, alipotaka kuwafundisha watu wasihangaike mno kwa ajili ya chakula, aliwaelekeza kwa ndege wa angani. Mafundisho hayo tumeyasikia mara nyingi kanisani. Waliokwenda kuwatazama hao ndege wenyewe ni wachache.

Tena sisi tumepewa mahali pazuri. Mto Ruvubu watoka Burundi, na Kagera waja na maji ya Rwanda. Hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, kisha Kagera hushika njia ya kaskazini ukiwa mpaka baina yetu na Rwanda. Toka hapo mto hauna haraka. Bonde ni bapa, maji hutawanyika, na kwa mwendo mrefu huoni ila mafunjo, matete na maziwa madogo, mpaka mto ugeuke mashariki kuelekea Ziwa Viktoria. Mafunjo hayo ni mmea ule ule wa mto Nili aliofichiwa mtoto Musa ndani ya kikapu. Kwetu hupita kimo cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine.

Namna ya kutembea ni hii. Ondoka alfajiri siku usiyo na ibada ya asubuhi, au saa kumi alasiri; mchana wa jua kali ndege hujificha. Tembea hatua ishirini, usimame, usikilize. Mtu wa haraka huwaona ndege migongo tu, wakiruka kwenda zao. Shati jeupe liache nyumbani. Darubini ni kitu kizuri ukiipata, lakini macho na subira vyatosha. Kabla ya kushuka waulize wenyeji habari za viboko na mamba, na majibu yao uyafuate. Usiingie majini kwa miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho.

Utaona nini? Mdiria mdogo wa rangi ya buluu ataketi juu ya tete, atazame maji kama mwalimu asahihishaye daftari, kisha atumbukie. Furukombe atalia toka mti wa mbali. Juu ya majani ya yungiyungi utamwona ndege wa kahawia mwenye vidole virefu mno, anatembea juu ya maji kana kwamba ni sakafu. Huyo ana desturi ya ajabu: jike akisha kutaga huenda zake, na dume ndiye alaliaye mayai na kuvilea vifaranga, akivibeba chini ya mbawa zake penye hatari. Akina baba mtasemaje? Fundichuma naye utamjua kwa kiota chake, lundo la vijiti kubwa kuliko kikapu cha mavuno. Wazee wa sehemu nyingi hukataza kukivunja, nasi hatuna neno la kuwapinga.

Ndani kabisa ya mafunjo yumo ndege mmoja ambaye wageni husafiri toka Ulaya kumtafuta. Tumbo lake ni jekundu kama kaa la moto, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Sauti yake husikika kabla hajaonekana, na mara nyingi haonekani kabisa. Duniani pote hukaa katika mafunjo ya nchi hizi zetu za maziwa makuu tu. Mafunjo yakikatwa yote hahamii mgombani wala msituni. Hupotea.

Lakini zaidi ya wote twataka umtafute korongo mwenye taji. Ni yule ndege mrefu, kimo chake kama mita moja, mwenye nywele za dhahabu zilizosimama kichwani. Waganda wamemweka katika bendera yao tangu mwaka 1962, na jirani zetu wa Rwanda na Burundi humwita umusambi. Dume na jike hukaa pamoja miaka na miaka, na hucheza ngoma wakiruka na kuinamiana, hata mtu mwenye huzuni hucheka. Mchana huenda mashambani kuokota panzi, vyura na mbegu, lakini kiota hukijenga kinamasini, katikati ya majani yaliyokanyagwa. Hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, na wote wawili huyalalia kwa zamu karibu mwezi mzima.

Ndege huyu anakwisha. Mwaka 2012 wataalamu wa dunia walimwandika katika orodha ya wale walio hatarini kutoweka. Sababu ni mbili, na zote ni za mikono yetu. Ya kwanza ni kukausha vinamasi. Hapa tusimlaumu mkulima bure. Kiangazi kikiwa kikali, matuta ya bondeni ndiyo yalishayo watoto. Ila kulima ukingo ni jambo moja, na kuchimba mitaro mpaka bonde zima likauke ni jambo jingine. Kinamasi hushika maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo. Mafunjo huzuia tope lisiingie mtoni. Kikisha kukauka na kuchomwa moto, korongo hukosa pa kutagia, na mkulima naye hukosa maji ya matuta yake.

Sababu ya pili ni aibu zaidi. Watu huwakamata makinda, huwakata mbawa na kuwauza wawe pambo uani. Korongo wa uani hazai. Ni kama mti uliong'olewa ukawekwa sebuleni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kukamata mnyama wa mwitu bila kibali. Wanyarwanda walianza mwaka 2014 kuwaomba watu wawatoe korongo waliofungwa majumbani. Wengi walipelekwa katika hifadhi ya Akagera, ng'ambo tu ya mto wetu, na wasioweza tena kuruka wakatengewa mahali pao Kigali. Ndege hana pasi ya kusafiria. Aliyefunguliwa kule aweza kutaga huku, akikuta kinamasi.

Hatusahau kwamba mto huu ulipata kubeba mambo mengine. Mwaka 1994 uliteremsha maiti za waliouawa Rwanda mpaka Ziwa Viktoria, na mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Walikaa Benaco na kambi nyingine za Ngara hadi Desemba 1996, na miti ya vilima vingi iliishia mekoni. Kama yuko ambaye tangu siku zile hapendi kuutazama mto, hatumshangai. Mtu wa namna hiyo asisukumwe. Akipenda siku moja kushuka, mfuate taratibu.

Wenye nafasi waweza kwenda mbali zaidi, hadi ziwa Burigi. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Huko utalipa kiingilio na kutembea pamoja na askari. Bonde la karibu na kwako halidai senti.

Basi ukiwa ungali bondeni saa kumi na mbili jioni, tafuta mti mkubwa ulio peke yake. Katika jamii 15 za korongo wa ukoo huu duniani, ni wenye taji tu walalao juu ya miti. Watakuja wawili wawili, wakilia toka mbali. Mwambie mtoto awahesabu, aandike idadi na tarehe katika daftari lake, na mwakani mwezi huo huo mrudi mkahesabu tena.