Je, Wajua? Kazi Nzuri Utaijua Siku Usipokwenda

Anayetafuta kazi huuliza kwanza mshahara. Mimi ningemshauri aulize na jambo la pili: hapa, mtu akiamka na homa, akifiwa, au mkewe akijifungua, huwa inakuwaje?

Je, wajua kwamba lipo daftari la mahudhurio lenye umri wa zaidi ya miaka 3,200? Ni bapa la jiwe la chokaa, limehifadhiwa British Museum, London. Liliandikwa mwaka wa 40 wa utawala wa Farao Ramesses II, huko Deir el-Medina, kijiji kilicho ng'ambo ya Nile ukitokea Luxor. Humo waliishi mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme. Jiwe hilo lina majina ya mafundi 40 na kumbukumbu za siku 280. Tarehe za kutofika kazini zimeandikwa kwa wino mweusi, na juu yake, kwa wino mwekundu, sababu. Huyu kaumwa na nge. Yule macho yanamsumbua. Mwingine yuko nyumbani anapika pombe, mwingine anamhifadhi marehemu mama yake kwa maziko. Wapo hata waliokosa kwa kuwa mke au binti alikuwa katika siku zake, na karani aliandika hivyo hivyo bila kuficha. Anayenigusa zaidi ni fundi aliyekosa kazi kwa sababu alikuwa akiwatengenezea dawa wenzake wagonjwa. Nguvukazi ya Farao, na bado kuna aliyejali kuandika kwamba fulani hakuja kwa sababu anauguza.

Mafundi wa kijiji hicho hicho ndio wanaotajwa katika habari ya mgomo wa kale kuliko yote iliyobaki kwa maandishi. Ilikuwa mwaka wa 29 wa Ramesses III. Walikuwa wakilipwa nafaka, yaani posho kwa maana yake ya asili, na posho ikachelewa. Waliweka chini zana zao, wakaenda kuketi kwenye mahekalu ya wafalme waliokufa, wakisema wana njaa. Mafunjo yenye habari hiyo yapo Turin, Italia.

Je, wajua kwamba neno "kibarua" ni barua ndogo? Kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha apate ujira wake, ndicho kilichomgeukia jina. "Mshahara" nao umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko inavyoonekana: mwenye mshahara amehesabiwa mwezi mzima, pamoja na Jumapili yake na homa yake, kibarua amehesabiwa siku aliyoshika jembe tu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika enzi za ukoloni, manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba, walikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ya malaria haikutiwa alama. Ujira wa kipande ulisubiri siku zote 30 zitimie, hata kama kalenda imeshavuka mwezi.

Robert Owen, aliyeshika uongozi wa viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, mwaka 1800, alifanya kinyume. Pamba ya Marekani ilipokatika kwa miezi kadhaa, alisimamisha mashine na kuendelea kuwalipa watu wake ujira kamili wakizisafisha tu. Wafanyakazi waliokuwa wakimtilia shaka walianza kumwamini hapo.

Na Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani? Mwaka 1913 kiwanda chake cha eneo la Detroit kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na wafanyakazi 14,000 hivi, maana wengi waliingia na kutoka. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya maradufu ya malipo ya awali. Utoro ulishuka kutoka asilimia 10 hadi 2.5, na watu wakatulia. Lakini sehemu kubwa ya dola hizo ilikuwa na masharti: wakaguzi wa kampuni waliwafuata wafanyakazi majumbani kuona wanaishi vipi, wanakunywa nini, wanaweka akiba au la. Siku ya mapumziko nayo ikawa chini ya msimamizi. Mimi hapo singekaa, hata kwa dola 5.

Sheria zetu zinasemaje? Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwenda kumnyonyesha mwanawe. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi za likizo ya mwaka, na kwa ugonjwa, siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu, hicho kikiwa kiwango cha chini.

Kwa baba, mambo yanageuka: Kenya wiki mbili, Tanzania siku tatu. Siku tatu! Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda hajatoka hata hospitali, na baba ameshatakiwa arudi kazini.