UCHAGUZI WA MABOMBA YA PLASTIKI YA KUPITISHIA MAJI YA MVUA

Wananchi na maofisa wanaosimamia ujenzi wanakumbushwa kwamba bomba la poliethilini lenye migongo halichaguliwi kwa bei na upana pekee. Chumvi ya bahari hailili kama ilavyo chuma, na ni jepesi kubebwa. Lakini uimara wake hutegemea sana udongo unaolizunguka.

Mnunuzi asome kwanza alama iliyopigwa ubavuni. SN 8 hustahamili kubonyezwa zaidi kuliko SN 4, hivyo ndilo lifaalo zaidi chini ya njia ya magari. Ndani liwe laini, takataka zisinase. Lenye vitundu ni la kukausha ardhi chepechepe, halifai kabisa kwa maji machafu.

Penye mawe ya matumbawe, kama mashariki ya Unguja, lisilazwe juu ya mwamba mtupu. Litandikiwe mchanga au kokoto ndogo, na pande zake mbili zishindiliwe tabaka kwa tabaka. Ukaguzi ufanywe handaki likiwa wazi bado, kwani bomba lililobonyea ardhini hugunduliwa masika, maji yakishaingia majumbani.

Karibu na pwani, handaki lisiachwe wazi wakati wa bamvua. Poliethilini ni nyepesi kuliko maji; likijaa, bomba huelea na mteremko wote huharibika.