Kabla ya kununua transfoma kuukuu, pima mafuta

WENYE mashine za kusaga, viwanda vya mbao na mitambo ya barafu wanaotafuta transfoma zilizokwisha kutumika wasidanganywe na rangi mpya ya nje. Hali ya mtambo huo husomwa katika mafuta yake.

Mafuta hayo huzuia umeme usiruke na huondoa joto. Adui wa kwanza ni maji. Kiasi kidogo tu, kikikutana na vumbi au nyuzi za karatasi, hupunguza sana uwezo wake. Kwa kipimo cha kimataifa, chenye mwanya wa milimita 2.5, mafuta mapya hutakiwa kustahimili angalau kilovolti 30 kabla ya kukaushwa, na 70 baada ya kukaushwa.

Adui wa pili ni joto. Likishirikiana na hewa, huzalisha asidi na utope unaoziba njia za kupozea, na joto huzidi kupanda. Karatasi za kawaida zinazofunika nyaya hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 6 hivi zinazozidi kiwango. Karatasi ikishachakaa, mafuta mapya hayaifufui.

Muuzaji akisema mafuta "yamesafishwa", mwulize kwa njia gani. Kuchuja, kupasha moto na kuvuta unyevu kwa pampu huondoa vumbi na maji, lakini asidi hubaki. Asidi huondolewa kwa kuyapitisha mafuta kwenye udongo maalumu unaoinyonya. Kazi hizo mbili hazina bei moja.

Hatari kubwa kwa mtaji ni kemikali za PCB, zinazopatikana katika baadhi ya transfoma za zamani. Kuchuja hakuziondoi, na mashine iliyochuja mafuta hayo huchafua ya mteja anayefuata. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwaka wa kukamilisha uteketezaji salama. Anayenunua mtambo wa aina hiyo hununua pia gharama ya kuuteketeza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, dai vipimo vitatu: kilovolti, asidi na PCB. Sampuli itolewe chini ya tangi, mbele yako, kwa chupa safi na kavu. Muuzaji akikataa, tafuta transfoma nyingine.