Upanga usioua: somo la Huruma kwa vijana wa Kabondo

KISANGANI – Katika komine ya Kabondo, panga ni chombo cha kila nyumba. Ndilo linalofyeka nyasi uani, linalopasua kuni na kuangusha mikungu ya ndizi. Hakuna anayegeuka kumtazama mama anayepita nalo asubuhi akielekea shambani. Likionekana mkononi mwa kijana usiku, hapo ndipo milango inapofungwa.

Neno kuluna lilizaliwa Kinshasa, likiyataja magenge ya vijana wanaotembea na mapanga, na leo linaeleweka hata mbali na mji mkuu. Serikali imelijibu kwa mkono mzito. Novemba 2013 ilikuwa operesheni Likofi, ambayo mashirika ya haki za binadamu yaliilaumu kwa mauaji ya vijana bila hukumu. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 wakawa ni mamia ya vijana, wengi wao wakiwa wamehukumiwa kifo, waliosafirishwa hadi gereza la Angenga katika mkoa wa Mongala.

Kijana wa miaka kumi na minne ambaye bado hajaingia popote hatajwi katika hatua hizo. Anayependa silaha, anayetaka kuogopwa, anayetaka jina mtaani, apewe nini?

Mtaani Huruma, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kuna mtu aliyejibu swali hilo kwa namna ambayo wazazi wengi wangeipinga mara ya kwanza kuisikia. Aliwapa watoto upanga.

Mtu huyo ni Mburu Wanyoike. Amekulia hapohapo Huruma, na ameeleza waziwazi mbele ya vyombo vya habari kwamba ujanani alikuwa katika genge na kwamba rafiki zake waliuawa kwa risasi. Baadaye akajifunza mchezo wa vitara, akaichezea Kenya, akawa kocha. Mwaka 2021 alianzisha klabu inayoitwa Tsavora Fencing Mtaani, na wanafunzi wake ni watoto na vijana wa mitaa hiyohiyo aliyokulia. Mahali pa mazoezi ni sakafu ya saruji, na vifaa ni vya kupokezana.

Vitara ni mchezo wa zamani. Umekuwamo katika kila Michezo ya Olimpiki ya kisasa tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896. Silaha ziko tatu: epe, floreti na saberi. Kwa anayeanza, epe ndiyo rahisi kuieleza, kwa sababu mwili mzima ni shabaha, kuanzia kidole cha mguu hadi kinyago cha usoni, na anayegusa kwanza ndiye anayepata pointi. Urefu wake hauzidi sentimita 110 na uzito wake hauzidi gramu 770, yaani chini ya kilo moja ya sukari. Haina makali. Kwenye ncha kuna kitufe chenye springi, ambacho hakiwashi taa mpaka kibonyezwe kwa nguvu inayozidi uzito wa gramu 750. Wapiganaji wakigusana ndani ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, wote wawili wanapewa pointi.

Uwanja ni ukanda wa mita 14 kwa urefu, na upana wa kati ya mita 1.5 na 2. Nafasi hiyo inapatikana katika ua wa shule yoyote ya Kisangani, hata kwenye ujia kati ya madarasa mawili.

Mtazamaji anaweza kudhani kwamba mwenye nguvu au mwenye hasira ndiye anayeshinda. Kwa kawaida mwenye hasira ndiye anayegongwa. Mchezaji anayejitupa mbele na kukosa, mkono wake umenyooka, mguu wake uko mbali, na mpinzani anahitaji tu kuinyoosha ncha. Kwa hiyo wiki za kwanza za mazoezi hutumika kufundisha miguu: kusonga, kurudi, kusimama, kungoja. Watoto waliokuja kupigana hupata tabu sana kukubali jambo hilo. Kabla ya pambano wapinzani husalimiana kwa upanga, na baada ya pambano husalimiana tena, hata kama mmoja ameshindwa vibaya. Hilo limeandikwa katika kanuni, na anayekataa huadhibiwa.

Usalama wa mchezo huu ulilipiwa kwa damu. Julai 1982, katika mashindano ya dunia mjini Rome, bingwa wa Olimpiki wa floreti, Vladimir Smirnov wa Muungano wa Kisovieti, alikuwa akipambana na Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi. Upanga wa Behr ulivunjika, kipande kilichobaki kikapenya kinyago cha Smirnov na kuingia kupitia jicho hadi kwenye ubongo. Alifariki siku chache baadaye. Baada ya hapo vinyago viliimarishwa, nguo zikashonwa kwa nyuzi ngumu za aina inayotumika katika fulana za kuzuia risasi, na chuma cha panga kikabadilishwa kiwe kile kisichovunjika kirahisi. Leo koti la mashindano makubwa ya kimataifa hupimwa kwa nguvu ya nyutoni 800, na kitambaa kinacholinda shingo chini ya kinyago hupimwa kwa nyutoni 1,600.

Jicho hilohilo lilikuwa limeshamuua mtu mkubwa zaidi karne nne nyuma. Mwaka 1559 mfalme Henri II wa Ufaransa alikuwa akishindana kwa mkuki juu ya farasi, katika sherehe za harusi za kifalme mjini Paris, akiwa amevaa deraya ya chuma mwili mzima. Mkuki wa mpinzani ulivunjika, vipande vikaingia kwenye uwazi wa kofia yake. Hata waganga bora wa Ulaya hawakuweza kumwokoa. Ufaransa ikaanza kuyaacha mashindano ya aina hiyo.

Yamerudi lakini, kwa sura nyingine. Mwaka 2010, katika ngome ya Khotyn nchini Ukraine, timu za Ukraine, Urusi, Belarus na Poland zilikutana katika shindano la kwanza la Vita vya Mataifa, ambapo watu wazima huvaa deraya za karne za kati na kupigana kwa panga, mashoka na ngao za kweli zilizoondolewa makali. Mchezo huo, uitwao buhurti, ulienea upesi: 2013 ulichezwa Aigues-Mortes, Ufaransa, 2017 Barcelona, 2019 Smederevo nchini Serbia, na nchi zinazoshiriki zikawa nyingi, zikiwemo Marekani na Japani.

Sheria zake ni za kushangaza kwa urahisi. Timu, mara nyingi ya watu watano kila upande, huingia katika uwanja uliozungushiwa uzio. Anayegusa ardhi kwa kitu cha tatu zaidi ya miguu yake miwili, iwe goti, mkono au mgongo, ametoka. Timu yenye mtu aliyebaki wima ndiyo imeshinda raundi. Kuchoma kwa ncha ni marufuku, kupiga nyuma ya goti ni marufuku, na aliyeanguka haguswi. Ni kama mieleka iliyovikwa chuma, na wanaoijua mieleka hufanya vizuri kuliko wanaojua tu kuzungusha upanga.

Kinachoufanya mchezo huo uwe mbali na Kabondo ni deraya yenyewe. Kofia, kifua, mabega, mikono, miguu, pamoja na joho nene la pamba linalovaliwa chini yake, vyote kwa pamoja hukaribia au kuzidi kilo 25, na kila kipande lazima kifanane na kitu cha kihistoria kinachojulikana, kwa mfano kilichohifadhiwa makumbusho. Seti kamili huzidi dola 1,000 kwa urahisi, na iliyo nzuri hugharimu mara kadhaa ya hapo. Na hata fedha zikipatikana, mtu aliyevikwa pamba nene na chuma chini ya jua la Kisangani, hatua chache kutoka mstari wa Ikweta, ana adui mwingine kabla hajakutana na mpinzani. Kutu nayo haihitaji mwaliko katika mji wenye mvua nyingi kiasi hiki.

Haina maana kwamba chuma ni kigeni kwa watu wa Tshopo. Kabla ya sarafu za wakoloni, wahunzi wa eneo hili, miongoni mwa Walokele, Watopoke na Waturumbu, walifua liganda, jani la chuma lenye umbo la mkuki ambalo baadhi yake lilifikia urefu wa mtu mzima. Halikupigania vita. Lilikuwa fedha, na kazi yake kubwa ilikuwa mahari. Leo vipande hivyo viko katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Amerika, wakati watoto wengi wa Kisangani hawajawahi kukiona hata kimoja.

Kiswahili kinachozungumzwa Kabondo nacho kilifika na watu wenye panga. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe na watumwa, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa makubaliano na Leopold II, alitoka katika ulimwengu wa Waarabu wa Oman ambamo upanga ulikuwa pia pambo la mwungwana na chombo cha ngoma. Huku bara wenyeji waliujua kwa matumizi yake mengine.

Na kuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku 6, na maelfu ya mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, Kisangani ikiwemo. Mzazi wa Kabondo aliyejificha chini ya kitanda siku zile, akiambiwa leo kwamba mwanawe anajifunza silaha, ana haki ya kukunja uso.

Mzazi wa Huruma naye ana sababu zake. Ndiyo maana jibu la Wanyoike linastahili kutazamwa: kijana haambiwi aache kupenda kupigana. Anapewa pambano lenye mwamuzi, lenye mstari wa mwisho, na lenye mpinzani ambaye kesho yake watavaa kinyago kimoja kwa zamu. Kisangani inaifahamu njia hiyo kupitia judo, karate na ngumi. Vitara vinaongeza jambo ambalo michezo hiyo haina, kwani kijana anakabidhiwa chuma mkononi na kutakiwa akitawale.

Wapo watakaosema huo ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Kwa muda mrefu ulikuwa hivyo. Lakini Alaaeldin Abouelkassem wa Misri alichukua fedha ya Olimpiki London 2012, Inès Boubakri wa Tunisia akachukua shaba Rio 2016, na Paris 2024 Fares Ferjani wa Tunisia akapata fedha ya saberi huku Mohamed Elsayed wa Misri akipata shaba ya epe. Afrika Kaskazini imeshaingia. Kusini mwa Sahara mlango umefunguliwa kidogo, na aliyeusukuma kwa upande wa Afrika Mashariki ni mwanamke.

Alexandra Ndolo alizaliwa Ujerumani, baba Mkenya na mama Mpoland. Mwaka 2022 mjini Cairo alishinda fedha ya epe katika mashindano ya dunia akiwa na bendera ya Ujerumani, nyuma ya Song Se-ra wa Korea Kusini. Akiwa juu kiasi hicho, angeweza kubaki na kila kitu ambacho nchi tajiri humpa mchezaji wake: makocha, madaktari, tiketi za ndege. Mwaka huohuo akahamia Kenya, nchi ambayo shirikisho lake yeye mwenyewe alishiriki kulianzisha. Tarehe 27 Julai 2024, ndani ya Grand Palais mjini Paris, akawa mtu wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika vitara kwenye Olimpiki. Alitolewa katika pambano lake la kwanza, kwa tofauti ndogo, mbele ya mpinzani kutoka Ukraine. Watoto wa Nairobi waliokuwa wakimfuatilia walijua sasa kwamba jina la nchi yao linaweza kusomwa katika ukumbi ule.

Kwa walio wadogo zaidi kuna Dakar, mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, na vitara vimo katika orodha yake.

Kati ya Kisangani na Nairobi ni kama kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka, na hakuna anayesafiri kwa mstari ulionyooka katika sehemu hii ya dunia. Klabu ya Kabondo, ikija, haitaanza kwa safari hiyo. Itaanza kwa chaki: mita 14 sakafuni, mstari wa katikati, na mita 2 kila upande wa mstari huo, mahali pa kuanzia. Miguu inafundishwa bila kifaa chochote kwa miezi miwili au mitatu. Vijiti vyepesi vinatosha kufundisha umbali na mkono, mradi mtu asimguse mwenzake. Siku watakapotaka kugusana, kitu cha kwanza kununuliwa si upanga. Ni vinyago viwili, kwa sababu kimoja hakimsaidii mtu.