Shajara ya mwanafunzi si daftari la kusahihishwa

MWANAFUNZI wa darasa la nne anaweza kunakili ubao mzima bila kosa, lakini akiambiwa aandike sentensi tano zake mwenyewe, kalamu ikasimama.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 ulitilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, maarufu kama KKK. Hata hivyo, kuandika si kuumba herufi tu, bali pia kupanga mawazo. Njia mojawapo ya kumzoeza mtoto jambo hilo ni shajara, yaani daftari ambamo huandika kwa maneno yake aliyoyaona, aliyoyafanya au aliyoyawaza.

Gharama yake ni ndogo: daftari moja na dakika 10 kila asubuhi. Mwalimu huandika ubaoni swali la kuwaongoza wanaoanza, kwa mfano, "Jana ulimsaidia nani?" Walio wadogo zaidi huchora kwanza, kisha huandika sentensi moja chini ya picha.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 atauliza atayasoma lini madaftari yote hayo. Akisoma 12 kila siku, kwa siku tano za masomo atakuwa ameyamaliza.

Lililo muhimu ni namna anavyojibu. Ukurasa ukijaa wino mwekundu, mtoto hujifunza kuandika machache ili akosee machache. Akiandika kwamba amepata mdogo wake, mwalimu amuulize mtoto huyo amepewa jina gani. Makosa yanayojirudia yafundishwe darasa zima katika kipindi cha Kiswahili, bila kumtaja aliyekosea. Shajara yenyewe isipewe alama.

Lipo jambo zito zaidi. Siku moja mtoto anaweza kuandika kwamba nyumbani anapigwa, au kwamba hulala na njaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki zake aziripoti kwa serikali ya mtaa. Kwa hiyo mwalimu asiahidi siri isiyo na mpaka. Tangu siku ya kwanza awaeleze wanafunzi kwamba hatasoma shajara zao mbele ya wenzao, ila akiona hatari atawatafutia msaada.

Mtoto atakayethubutu kuandika habari kama hiyo ni yule aliyekwisha kuona kwamba mwalimu wake husoma anachosema, si makosa yake tu.