Je, Wajua? Farasi wa Baba Dogo Hulishwa kwa Pedi

Kibanda cha gemu karibu na steji ya Baba Dogo, hapa Nairobi, kina skrini nne. Tatu ni za mpira, asubuhi hadi usiku. Ya nne, Jumamosi iliyopita, ilikuwa na kijana wa miaka kumi na mitatu hivi akimwaga oti kwenye hori la farasi huku wenzake wakimzomea: pesa yote hiyo kulisha mnyama? Nikavuta stuli nikakaa.

Je, wajua kwamba Farming Simulator ilianza bila farasi? Kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi ilitoa toleo la kwanza mwaka 2008, na kwa miaka kumi watu wakalima, wakakamua, wakafuga kuku, farasi hakuna. Aliingia kwenye Farming Simulator 19, iliyotoka Novemba 2018. Oti nayo ililetwa na toleo hilohilo, pamoja na pamba. Mlaji na chakula chake walishuka gari moja.

Je, wajua kwamba kumshibisha hakuleti pesa? Unamwekea nyasi kavu na oti, maji, na mabua ya kulalia. Vizuri. Lakini bei yake hupanda kwa mazoezi: lazima umpande kila siku ya gemu, na akirudi na matope umsugue kwa brashi. Kijana wetu alikuwa amejaza hori siku tatu mfululizo bila kumpanda hata mara moja, halafu akashangaa bei imekwama. "Huyu anakula tu," akaniambia, kwa sauti ya baba mwenye nyumba anayemzungumzia shemeji asiyeondoka.

Na je, wajua kwamba farasi wa gemu hiyo hafi kwa njaa? Ukimsahau, afya hushuka na bei hushuka nayo. Basi. Farasi wa kweli huweza kufa kwa shibe. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 hivi, na hawezi kutapika, kinachoshuka kimeshuka. Kazi kubwa ya kumeng'enya nyasi hufanyika huko nyuma, kwenye utumbo mpana, na vijidudu wanaoishi humo. Sasa mmwagie debe la nafaka kwa mpigo: nyingine hupita tumboni haijameng'enywa, hufika kwa wale vijidudu na kuchachuka, gesi na asidi hujaa, na mnyama huanza kugaragara kwa msokoto wa tumbo. Au kwato hupata moto kwa ndani hata asiweze kusimama. Ndiyo maana wafugaji humpa nafaka kidogo kidogo, na nyasi ndizo mlo wenyewe. Akiachiwa malishoni hutafuna saa 16 kwa siku bila haya. Hakuna mstari wa kijani kwenye skrini unaokuonyesha hayo.

Hesabu ya haraka. Farasi wa kilo 450 anahitaji nyasi kavu kilo 9 hivi kwa siku. Robota la kilo 15 halifiki siku ya pili jioni. Umewahi kuuliza bei ya robota wakati wa kiangazi? Usiulize.

Je, wajua kwamba "Rhodes" katika boma Rhodes, nyasi zinazofungwa marobota kila pembe ya Kenya, ni Cecil Rhodes? Nyasi zenyewe ni za Afrika, hazikumngoja mtu. Yeye alizipanda shambani kwake karibu na Cape Town miaka ya 1890, jina likamgandia.

Turudi kwenye gemu. Minecraft: farasi waliingia 2013. Ukitaka wazae, unawalisha tufaha la dhahabu au karoti ya dhahabu. Stardew Valley: farasi hahitaji kulishwa, lakini anakubali kuvishwa kofia. Tusonge.

Je, wajua kwamba daktari mmoja wa Nairobi alizunguka kutibu wagonjwa akiwa juu ya punda milia? Ni Dk. Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika mjini 1900, na ndiye aliyetambua tauni kwenye soko la Wahindi mwaka 1902. Watu hucheka picha yake, ila mimi naona kuna akili ndani yake. Farasi walikuwa wakifa hovyo sehemu hizi: upande mmoja mbung'o, upande wa pili ugonjwa wa farasi unaosambazwa na visubi. Punda milia hubeba virusi vya ugonjwa huo mwilini bila kuugua. Na hakuna wa kumfundisha nyasi za Nairobi.

Je, wajua jina la Race Course Road, pale karibu na steji ya OTC, limetoka wapi? Mbio za farasi zilikuwa upande huu wetu wa mashariki ya mji kabla ya uwanja wa Ngong Road kufunguliwa 1954. Farasi wakahamia kwenye miti, sisi tukabaki na barabara na makanga.

Harufu ile ya shayiri iliyochemshwa inayotufikia kutoka kiwanda cha bia cha Ruaraka unaijua. Je, wajua kwamba mabaki yake, machicha, ni lishe? Wenye ng'ombe wa maziwa huyanunua kwa lori. Farasi naye hupewa kidogo, yakiwa yamekaushwa.

Nje ya kibanda siku hiyo palisimama punda wa mkokoteni, kamba shingoni, akichambua majani ya nje ya kabeji aliyotupiwa na mama mboga. Alikuwa anang'oa sehemu laini na kuacha uti. Je, wajua kwamba punda huishi kwa chakula kigumu na kichache kuliko farasi wa uzito uleule? Mlishe oti kila siku kama yule wa skrini na utamwua kwa unene.

Ya mwisho nilimpa kijana mwenyewe: mwaka 2019 ilianza ligi ya Farming Simulator ambako timu zilishindana kupanga marobota ghalani, na msimu wake wa kwanza ulitengewa zawadi za euro 250,000. Akaacha pedi, akanitazama.

"Na farasi wako wapi hapo, mzee?"

Hawamo. Marobota tu.

Akarudi kwenye hori, akaongeza oti. Dakika zake zikaisha kabla hajaweka maji.